Bwana wa Foleni

Katika kliniki ile ya wajawazito nyuma ya soko, bwana alikuwa na faida moja isiyopingika: alifupisha foleni. Sista Tabby, aliyeiendesha, alikuwa amechoka kuwaona wanawake wakija peke yao kana kwamba mimba huletwa na upepo, basi akaweka sheria yake. Aliyekuja na bwana anaingia kwanza. Aliyekuja bila bwana anakaa kwenye benchi mpaka wenye mabwana waishe. Waliokuwa na waume waliiona sheria hiyo kuwa ya haki kabisa. Wasiokuwa nao walinung'unika kidogo, kisha wakaanza kuazima.

Jepkorir aliazima wake getini.

Alikuwa akiishi Section 58, Nakuru, kwenye ploti ya vyumba vilivyopangana juu na chini, na kazi yake ilikuwa kuuza dawa za mifugo katika duka moja mjini ambalo mwenyewe hakuwa na subira na mtu wa kuchelewa. Asubuhi ya kliniki yake ya kwanza alimkuta jirani wa chini, Micah Wasike, akifuta vioo vya lori alilokuwa akiendesha, la kubeba viazi kutoka Molo. Walikuwa watu wa kusalimiana niaje na poa tu. Hawakuwahi kuombana hata chumvi.

"Boss, uko na haraka?" Jepkorir alimuuliza.

"Inategemea ni nani anauliza."

"Nataka uwe bwana yangu. Kidogo tu. Nikishaingia ndani, unajiendea."

Wasike hakucheka. Alimtazama, akakitazama kitambaa kilichokuwa mkononi mwake, akakitupa ndani ya lori.

"Ngoja nibadilishe shati."

"Kwani ni harusi?"

"Si harusi. Lakini bwana ya mtu hawezi ingia hospitali akinuka grisi."

Jepkorir na Wasike hawakujua kwamba Sista Tabby hakuwaita wanaume kupamba benchi. Akishampata bwana, anampima pamoja na mkewe. Wasike alijikuta amekunja mkono wa shati, sindano imemwingia, naye ametulia kama mtu aliyekuja kwa kazi hiyo. Majibu yalipotoka, sista alipiga makofi. Wote wawili walikuwa watu wa ile aina ya damu isiyo ya kawaida, negative.

"Si ile negative ya ukimwi," aliwaambia. "Hiyo pia mko sawa. Hii ni aina ya damu. Kwa benchi yote hiyo nje naweza kosa hata mmoja. Nyinyi mlipatana wapi?"

"Kwa geti," Wasike alisema.

Sista akacheka mpaka akafuta macho. Akasema kwa kuwa wote wako hivyo, ile sindano ya mwezi wa saba wa mimba haitahitajika, hakuna shida. Jepkorir alikuwa akiwaza funguo za duka. Alichosikia ni kwamba hakuna shida.

Ubwana ule ulikuwa uishe siku hiyo hiyo. Lakini kliniki ya pili ilipofika, Wasike alikuwa getini, shati limepigwa pasi, hajaitwa na mtu. Ya tatu pia. Safari moja Jepkorir alijikuta amesuka nywele siku moja kabla ya kliniki, akajiambia ni joto la Nakuru. Alikuwa hodari wa kujiambia mambo.

Aliyempa mimba alikuwa Kiptum, kijana wa Rongai. Walikuwa wameshapanga kupeleka wazee nyumbani kwa kina Jepkorir kuposa. Alipoambiwa kuna mtoto njiani, Kiptum alisema anahitaji kufikiria, akaenda kufikiria mahali ambapo simu haziingii. Jepkorir alilia, akamaliza, akarudi dukani. Tangu hapo alijizoeza kuutazama moyo wake kwa mbali, kama mali ya mtu mwingine aliyeachiwa aitunze tu. Watu walisema ana roho ngumu. Hakuwabishia.

Basi ilikuwa mwezi wa saba, na mambo yangeweza kuendelea hivyo hivyo, kama mama yake asingeshuka kutoka Molo.

Mama Linah alikuja na sweta mbili, kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, na gunia dogo la viazi, kana kwamba Nakuru hakuna viazi. Alilala, akaamka, akatangaza kwamba leo wanaenda kliniki pamoja. Waliposhuka getini, Wasike alikuwa amesimama kando ya lori, amenyoa, shati jeupe, turubai limefungwa vizuri juu ya mzigo.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Jirani, Mama. Anatupatia lifti."

"Jirani anapiga pasi hivyo?"

Jepkorir akajifanya hajasikia. Wasike akainamisha kichwa, akampa mama mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika kiwiko, akamfungulia mlango. Mama aliingia na kibuyu na kikapu chake, akakaa katikati, hapo hapo palipowatenganisha vizuri.

"Kijana, kwenu ni wapi?"

"Kwetu asili ni Kimilili, mama. Lakini babu aliletwa Nakuru na kazi ya reli. Sisi tumezaliwa hapa."

"Na bibi yako?"

"Sijaoa."

"Hujaoa, na unapeleka mabibi za watu kliniki."

"Mmoja tu, mama."

Jepkorir aligeukia dirishani. Kwenye kioo cha pembeni alimwona mwanamke anatabasamu, na ilimchukua muda kumtambua. Akalifuta tabasamu lile upesi. Lakini macho yake yalikuwa yameshakutana na ya Wasike kwenye kioo cha kati, na macho yale hayakuwa na haraka ya kuondoka.

Waliposhuka, mama alimvuta kando, akasema kwa sauti ya chini.

"Mimi si kipofu. Huyo anakuangalia."

"Anaangalia barabara, Mama."

"Sikia. Kaka yako Hezekiah alienda Rongai wiki iliyopita. Wale watu wameanza kulegea. Mama ya Kiptum alimpikia chai, akauliza mtoto anategemewa lini. Mtoto ako na kwao. Usiwaharibie watu njia kwa sababu ya dereva."

"Kiptum mwenyewe alisema nini?"

"Kiptum hakuwepo."

"Haya basi."

"Haya basi nini? Mwanaume anaweza kosa leo, arudi kesho. Na huyu wa kwenu hapa chini ni mtu wa Kimilili, hatujui mila yao, hatujui mama yake. Atalea mtoto wa wenyewe? Akishapata wake, huyu wako atamkalisha wapi?"

Swali lile alikuwa amejiuliza mwenyewe, usiku mwingi tu, na hakulipenda zaidi lilipotoka kinywani mwa mama.

Ndani, benchi lilikuwa limejaa. Kabla ya kuita watu, Sista Tabby alikuwa na kawaida ya kuwafundisha kwanza: siku moja lishe, siku nyingine chandarua, siku nyingine dalili za hatari. Alisimama mbele yao, mikono kiunoni, macho yakizunguka kutafuta mfano. Yakatua juu ya Jepkorir.

"Leo naongea juu ya damu. Bwana na Bibi Wasike, hebu simameni!"

Wasike alinyanyuka nusu, kwa mazoea. Kisha akamkumbuka mama, akabaki hapo katikati, hajasimama wala hajakaa. Jepkorir akatamani sakafu ifunguke. Mama Linah aligeuza shingo polepole, akamtazama binti yake, akamtazama jirani mwenye shati jeupe. Mbele za watu, Mama Linah hakuwa wa kumwaibisha mtoto wake. Lakini kibuyu alichokuwa amekipakata alikishika kwa nguvu zaidi.

"Hawa wawili wote ni negative," sista aliendelea. "Kwa hivyo mtoto wao lazima awe negative. Hawa hawana shida. Lakini sikizeni. Mama akiwa negative na baba awe positive, mtoto anaweza chukua damu ya baba. Wakati wa kuzaa, damu ya mtoto inaingia kwa mama. Mwili wa mama unaiona kama mgeni mbaya, unajifunza kupigana nayo. Huyo mtoto wa kwanza ameshatoka, hana neno. Wanaoumia ni wale wanamfuata. Mwili ukishajifunza hausahau. Unapigana na mtoto akiwa ndani."

"Anakuwa aje?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Anaweza kufia tumboni. Ama azaliwe akiwa amefura. Ama azaliwe vizuri, halafu ageuke manjano na apotee siku zile za kwanza. Ndio maana kuna sindano. Unadungwa mwezi wa saba, unadungwa tena ukishazaa. Mwili haupati kujifunza vita, na watoto wengine wanakuja salama. Lakini lazima tujue damu ya baba. Kama hatuijui, tunadunga tu."

Kisha sauti ikatoka mahali ambapo Jepkorir hakuitarajia.

"Sista," alisema Mama Linah. "Hiyo manjano iko aje?"

"Macho, mama. Na ngozi. Mpaka nyayo za miguu."

"Na anakataa kunyonya."

"Ndiyo. Analala lala tu."

"Na wa kwanza alikuwa mzima."

"Mara nyingi, ndiyo."

"Halafu wawili wanaenda hivyo. Halafu kuna mwingine anazaliwa, anaishi. Hiyo inawezekana?"

Sista Tabby aliacha sauti ya ualimu. "Inawezekana kabisa, mama. Kama huyo wa mwisho alichukua damu yako, mwili wako hauna sababu ya kupigana naye. Anaishi."

Mama Linah alitikisa kichwa mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayesomewa jina lake.

Jepkorir alikuwa huyo wa mwisho. Kwao Molo watu walijua hadithi hiyo, ingawa haikusimuliwa. Alizaliwa Hezekiah, wakaja wawili waliogeuka rangi wakaenda, kisha akaja yeye. Nyanya yake, mama ya baba, alikuwa ametangaza kwamba maziwa ya mkaza mwana yana sumu. Jepkorir alipozaliwa alitengwa na titi la mama yake, akanyweshwa maziwa ya ng'ombe mmoja mwekundu, na alipoishi, ng'ombe akapewa sifa zote. Ng'ombe yule hakuchinjwa wala kuuzwa. Alizeeka kwa heshima akafa mwenyewe. Na Mama Linah aliishi miaka yote hiyo katika nyumba ile ile, akiwa mwanamke ambaye maziwa yake yaliua.

Moyo ule ambao Jepkorir alikuwa akiutazama kwa mbali ukarudi kwake mzima mzima, na uzito wake ulimshtua. Alimwonea mama yake uchungu. Na nyuma ya uchungu huo wazo lingine lilikuwa linasimama, baridi na wazi. Yeye ana damu ya mama yake. Baba wa mtoto huyu ni Kiptum. Na sindano aliyostahili kudungwa mwezi huu alikuwa ameondolewa kwa sababu ya mkono wa jirani.

Aliinuka akatoka nje. Wasike akamfuata mpaka nyuma, penye tangi la maji.

"Unasikia vibaya?"

"Lazima nimwambie sista."

"Umwambie nini?"

"Kwamba wewe si bwana yangu. Damu wanayo ni yako, Wasike. Ya Kiptum hakuna mtu anaijua. Hukusikia vile sista amesema?"

Wasike alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, na Jepkorir alikuwa amekwisha kuzoea kumngoja.

"Ngoja nielewe kwanza. Huyu wa saa hii ako sawa. Hiyo sindano ni ya wale watakuja nyuma yake."

"Ndiyo."

"Na shida inaingia kama baba yao ni positive."

"Ndiyo."

"Mimi ni negative, Jepkorir."

"Najua, si walituambia pamoja."

"Hujanisikia." Aliizungusha kofia. "Nasema kama hao wengine watakuwa wangu, hakuna haja ya sindano. Hata moja."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bomba la tangi. Jepkorir aliyasikia kila tone. Moyo wake uliruka kwa furaha, furaha ya wazi isiyo na haya, naye akaukanyaga kabla haujafika mbali.

"Unataka kunioa sababu ya damu?"

"Mimi nimekuwa bwana yako kwa laini ya kliniki miezi yote hii. Ni wewe hujashtuka."

"Wasike, usinichekeshe saa hii."

"Sichekeshi. Natoka Molo saa tisa za usiku siku za kliniki ndio nifike getini mapema. Ulidhani napenda hiyo benchi? Nilikuwa napenda vile sista anaita hilo jina. Bibi Wasike. Hata leo mama yako akiwa hapo nimesimama bila kufikiria."

Alimtazama, na safari hii hapakuwa na kioo katikati. Jepkorir alitazama pembeni, akatazama viatu vyake, kisha ikabidi amtazame.

"Na usipokuwepo?"

"Niende wapi?"

"Kiptum pia alisema hivyo. Niende wapi, mrembo? Maneno hayo hayo."

"Mimi si Kiptum."

"Sijasema wewe ni Kiptum. Nasema mama yangu amezika watoto wawili na akaambiwa ni maziwa yake. Umemwona pale? Siwezi kuwaweka watoto wangu juu ya ahadi ya mtu. Hata yako. Hata kama naitaka."

Maneno ya mwisho yalimtoka bila ruhusa. Lakini Wasike alikuwa ameshaumia na maneno ya kwanza, na mtu aliyeumia hasikii mpaka mwisho.

"Kwa hivyo unadungwa ndio uache mlango wazi," alisema.

"Nadungwa ndio mlango usiwe umefungwa na mtu mwingine. Nikikataa sindano kwa sababu yako, nitakuwa nimekaa na wewe kwa lazima. Kila siku nitajiuliza, niko hapa kwa sababu nampenda ama kwa sababu siwezi zaa na mtu mwingine? Mimi nikikaa na mtu, nataka niwe naweza kutoka, na nisitoke."

"Na ukimwambia sista, mimi nakuwa nani hapa?"

Jepkorir alitafuta jibu. Lilikuwepo jibu, lakini lilikuwa mbali sana chini, na hakuwa amezoea kulitoa.

"Unakuwa jirani," alisema, na papo hapo akajua amekosea.

Wasike akavaa kofia.

"Sawa. Viazi vinapigwa na jua."

Akaenda. Punde lori lilinguruma, likarudi nyuma, likashika barabara ya soko. Jepkorir alisimama penye tangi mpaka mlio ulipoyeyuka katika kelele za mji. Kisha akanawa uso, akaingia ndani kwa Sista Tabby, akafunga mlango, akasema bila kuketi:

"Sista, yule si bwana yangu. Nilimwazima."

Sista Tabby aliweka kalamu chini.

"Ulimwazima."

"Ndiyo. Nilikuwa nachelewa kazini."

"Na mimi nikakupitisha mbele ya hawa wote. Wengine wamebeba mapacha. Wengine wametoka mbali alfajiri."

"Ndiyo, sista."

"Nikawasimamisha kama mfano! Nimefundisha watu na ndoa haiko!" Alivuta pumzi. "Baba halisi damu yake ni gani?"

"Sijui. Na hapatikani."

"Basi tunamhesabu kama positive. Kwanza nitatoa damu yako tuone kama mwili umeanza vita. Ukiwa haujaanza, nakudunga leo leo. Na ukizaa, kabla hujaenda nyumbani, mwambie yeyote atakayekuwa zamu. Hata kama amechoka. Hata kama anakufokea. Umesikia?"

"Nimesikia. Asante, sista."

"Usinishukuru. Umefanya vizuri kusema, hilo nakupa. Ungenyamaza ningekuletea wewe yale mama yako ameniuliza pale nje." Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Lakini sheria ni sheria. Wewe hukuja na bwana. Rudi nyuma, mwisho kabisa."

Kuta za kliniki ile zilikuwa za mbao, na hapakuwa na siri iliyowahi kuzishinda. Jepkorir alipotoka, benchi zima lilikuwa limeshajua. Mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa leso. Trizah, muuza mitumba aliyekuja na binamu yake akimwita baba watoto, ghafla alipata kitu cha kutafuta ndani ya mkoba, na binamu akakumbuka ana shughuli nje. Jepkorir aliwapita wote mpaka mwisho wa benchi, kwenye pembe ya ukuta ambapo hewa haifiki, akakaa. Mama Linah akachukua kibuyu na kikapu chake, akahama mbele kwenye nafasi nzuri, akaja kukaa naye.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Vizuri."

Waliitwa wenye mabwana, mmoja baada ya mwingine.

"Basi ng'ombe hakufanya kitu," mama alisema.

"Hapana, Mama."

"Nilikuwa namkatia majani mwenyewe. Kila siku. Nilikuwa namwambia asante." Alikishika kibuyu kwenye mapaja. "Na nilikuwa na maziwa mengi wakati wako. Mengi sana. Nilikamua nikamwaga kwa nyasi, wewe unalia kwa chumba kingine."

Jepkorir alimshika mkono. Hakujiambia lolote safari hii, aliushika tu, akalia, na mama akamwacha alie.

"Yule dereva ameenda?" mama aliuliza baadaye.

"Ameenda."

"Alikasirika sababu umesema?"

"Aliniambia akinioa, watoto wetu hawatahitaji sindano. Mimi nikamwambia nadungwa hata hivyo."

Mama Linah alikigeuza kibuyu mapajani.

"Ni kweli damu yake ni kama yetu? Mtu wa Kimilili?"

"Ni kweli."

"Hm." Akanyoosha leso yake. "Wale wawili wangu, baba yako hakunifuata hospitali hata siku moja. Hakuwa mtu mbaya. Alienda shambani. Akirudi, anauliza kama chakula kiko tayari." Akamgeukia binti yake. "Kijana huyo ametolewa damu, na mimba si yake."

Jua lilikuwa limehama dirishani. Benchi lilisogea, wakasogea nalo nafasi moja, kisha wakaja wengine wenye waume, wakapita mbele, hesabu ikarudi pale pale.

Wasike aliingia mlango ule kwa miguu, bila kofia, shati jeupe limepata vumbi la magunia begani. Sista Tabby, aliyekuwa mlangoni akiita, alimkatiza njia.

"Wewe! Si nimeambiwa wewe si bwana?"

"Mimi si bwana, sista."

"Basi unataka nini hapa?"

"Kungoja."

"Hata ukingoja, sitaita huyo mtu mbele. Nakwambia mapema."

"Sijaomba aitwe."

Sista alimtazama juu mpaka chini, akasonya, akampisha. Wasike akapita mbele ya benchi lote, macho ya wanawake yakimsindikiza, mpaka kwenye ile pembe. Akasimama mbele ya Mama Linah kama mtu aliyefika kwenye nyumba na hajui kama atakaribishwa.

"Viazi umepeleka wapi?" mama aliuliza.

"Nimeachia watu wa kupakua sokoni, mama. Watavishusha."

"Wataiba."

"Wataiba kidogo."

Mama Linah alikitazama kikapu kilichokuwa kando yake kwenye benchi. Akakiinua, akakiweka sakafuni, katikati ya miguu yake.

Wasike akakaa. Nafasi ilikuwa ndogo na alikuwa mtu wa mabega mapana, ikabidi ajikunje. Alikuwa ananuka udongo wa viazi, na chini ya udongo sabuni, na Jepkorir akaona haya kwa jinsi alivyokuwa amekosa harufu hiyo tangu asubuhi.

"Nilisema vibaya pale kwa tangi," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe si jirani."

"Ulisema kitu ingine pia. Nimekisikia nikiwa sokoni, nikishusha turubai. Hata kama naitaka. Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Basi dungwa. Mimi nitakaa hivyo hivyo."

Jepkorir alijisogeza. Hapakuwa na mahali pa kusogea ila kwake, akaegemea bega lile lenye vumbi, mbele ya mama yake na ya benchi zima, na hakujali.

"Boss, uko na haraka?"

"Hapana," alisema Wasike.

Mlangoni akaingia mwanamke mwingine, bwana wake nyuma akimbebea mkoba. Sista Tabby akawaita mbele. Jepkorir na Wasike wakakunja miguu, wakawapisha.